Mwalimu Aliyeupa Udongo Kazi

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Mwalimu Udongo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la mbao, mtoto wa tatu wa baba mwashi na mama mshonaji. Mama alikuwa akilalamika kwamba hakuna gauni la binti huyo lililofuliwa bila kutoa mawe mfukoni.

Alisoma shule za jirani, kisha chuo cha ualimu, akahitimu jiografia na kemia mwaka 1973.

Januari 1974 alianza kufundisha sekondari ya bweni ya wasichana, wala hakuhama mpaka alipostaafu. Somo lake la kwanza halikubadilika. Aliweka mezani kipande cha makaa ya mawe na tawi bichi, akafungua dirisha upepo uingie.

"Kipi hapa ni mali?"

Wasichana waliyanyooshea makaa kidole.

"Na bibi wa bibi yako, aliyelikanyaga jiwe hili bila kujua linawaka, lilimfaa nini?"

Darasa lilicheka. Ndipo alipowaeleza kwamba kitu cha asili huwa rasilimali pale watu wanapojua matumizi yake na kupata njia ya kukitumia. Kisha waliviweka katika makundi: upepo hauishi, mti hukua tena ukitunzwa, makaa yakiisha ndiyo basi.

Mwaka 1979 mafundi waliokuwa wakichimba msingi wa bweni jipya walirundika udongo wa mfinyanzi wa kijivu ulioziba mtaro, na kila aliyepita aliulaani. Mwaka huohuo maji machafu yaliwaangusha wasichana wengi, na mmoja tukampoteza. Mwalimu alilia sana. Halafu akajifuta machozi, akaenda karakana ya seremala kuomba unga wa mbao.

"Wa nini, Mwalimu?"

"Nauchanganya na udongo ule. Ukichomwa, unga unaungua na kuacha vitundu. Maji yapite, uchafu ubaki."

"Beba wote. Umenipunguzia kufagia."

Mitungi ya kwanza aliyoifinyanga ilipasuka yote tanurini. Seremala alimhurumia, akaja kumsaidia kujenga tanuri jingine. Hatimaye mtungi mmoja ukatoka mzima, na maji yake yalipopimwa maabara yakakutwa safi. Baada ya kila chumba kupata mtungi wake, hatukuzika tena mwanafunzi kwa ugonjwa wa tumbo.

Yeye na seremala walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1980. Mume wake husema hadi leo, "Alikuja kuomba takataka, akaondoka na mwenye karakana."

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 2 Septemba 2023, mume wake akiwa amemshika mkono. Neno lake la mwisho kwa mumewe lilikuwa, "Ahsante, fundi."

Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto wa kiume, wajukuu watano, dada mmoja, na wanafunzi waliomwita mama. Mungu ampokee, ampe pumziko lenye amani.