Msusi Aliyekataa Kuhamisha Viti

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka msusi. Ndiyo, msusi wa nywele. Jina lake la kuzaliwa walilitumia wazazi wake tu. Wengine wote tulimwita Bi Chanuo, maana chanuo lilikuwa limechomekwa kichwani mwake daima, hata kwenye picha za harusi ya bintiye. Bi Chanuo ametutoka wiki iliyopita, kwa maradhi ya figo.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko. Viti vya plastiki, kioo chenye ufa, na nyuma ya ukuta, mfereji. Mvua ikinyesha, maji ya mfereji yaliingia ndani bila hodi. Watoto wa mtaa wakaharisha. Mjukuu wake wa kwanza aliharisha, akafa. Nasema tena, wasikilizaji: yale maji yalimuua mjukuu wake.

Baada ya maziko, Bi Chanuo akaanza kuzunguka ofisi. Watu wa maji wakamwambia, tatizo ni taka za soko. Soko wakasema ni damu ya machinjio. Machinjio wakasema ni kalavati la barabara, ni jembamba mno. Watu wa barabara wakanyoosha kidole kilimani, kwenye miti iliyokatwa.

"Kila mmoja alisema kweli," anatuambia mumewe, fundi viatu. "Hilo ndilo lililomchoma. Alirudi akavua viatu, akaniambia, 'Baba, mfereji ni mmoja. Wenzetu wameukatakata kama nyama, kila mtu na kipande chake.'"

Kisha manispaa ikaja na dawa yake: kuvunja vibanda vyote vya kando ya mfereji. Saluni ikiwemo.

Asubuhi tingatinga lilipofika, lilikuta viti viko nje, katikati ya njia. Juu yake wamekaa wateja wa miaka mingi, aliowapangia wote siku moja kwa makusudi. Mhandisi wa maji wa manispaa. Meneja wa machinjio. Mwenyekiti wa soko. Wanawake watatu, na kila kichwa nusu: huku mistari imelala, huku nywele zimesimama wima.

Dereva akapiga honi. "Mama, tupishe."

"Sikupishi, mwanangu." Vidole vyake havikusimama. "Mkubwa wako huyu hapa, muulize yeye."

Mhandisi akainamisha uso. "Bi Chanuo, unaniaibisha. Nimalizie niende zangu."

"Nitakumalizia. Ongea kwanza na wenzako. Mnapitana humu saluni kila mwezi, mnasalimiana vizuri, na watoto wetu tunawazika."

Meneja wa machinjio akacheka. Kisha akaacha kucheka. Mhandisi akampigia simu mtu wa barabara, akaja. Wakapanda hadi kilimani, wakashuka na mfereji hadi kwenye kalavati, vichwa vile vile nusu nusu, mtaa mzima ukiwachungulia. Tingatinga likarudi lilikotoka.

Jioni, Bi Chanuo akaitwa kituo cha polisi kwa kuzuia kazi ya serikali. Wakamtaka aombe radhi. Akakataa. Wakamweka mpaka kesho yake. Akakataa tena. Wakamwachia.

Nao wale wateja wake wakubwa hawakuziba kipande kimoja kimoja, kama zamani. Walifanya kwa pamoja, msimu mmoja. Machinjio wakachimba shimo la damu. Soko likapata gari la taka. Kalavati likapanuliwa, kilimani kukapandwa miti. Harufu haikwisha yote, nisiwadanganye. Lakini mvua zilizofuata, maji yalipita yakaenda zake.

Siku ya mazishi, manispaa ilituma shada la maua. Bintiye, ambaye sasa ndiye msusi wa pale, alilipokea kwa mikono miwili. Akamwambia aliyelileta: "Ahsante. Mwambie aliyekutuma kwamba machinjio wameanza tena kumwaga damu mferejini. Mama amekufa. Sisi tupo."

Kwa mumewe, kwa bintiye, kwa wajukuu: poleni sana. Mungu awape nguvu.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, mahali mlipo pana mfereji wenu, na pana mtu anayesema hauhusu ofisi yake. Mfikirieni mtu huyo usiku wa leo. Kisha mjiulize kama si nyinyi. Yule binti amesema wapo. Wewe, je, upo?