Simu Isiyo na Mkalimani

Mbele ya kibanda cha kuchonga funguo pana benchi lenye mguu mmoja uliofungwa kwa waya, na kila alasiri, kivuli kikishafika hapo, wazoefu wake hukutana kunywa kahawa na kubishana. Hakuna wasilolijua, na wasilolijua hulitunga. Siku hiyo, hata hivyo, benchi lilikuwa zito. Mwenye kibanda, anayeitwa Kufuli na kila mtu hata wateja wake, alikuwa amefiwa na binti yake ughaibuni. Binti alizikwa hukohuko, baba hakupata hata kutupa udongo kaburini. Alibaki mjukuu, msichana wa darasa la tatu, ambaye ukiacha neno babu hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Alasiri hiyo, mtoto akitoka shule, shangazi yake angepiga simu ili babu na mjukuu wazungumze wawili tu, kwa mara ya kwanza. Miaka yote walizungumza mama mtu akiwa katikati, anatafsiri huku na huku. Shangazi alishaonya kwamba mtoto amekuwa bubu tangu msiba, na leo wakishindwana hatamlazimisha tena. Kufuli alielewa. Mtoto akikata simu leo, ndiyo basi, hana tena mtu upande ule. Kwa hiyo tangu asubuhi alikuwa akisaka sentensi ya Kiingereza ya kuanzia, moja tu, na sasa wenzake walikuwa wakimsaidia kwa namna yao, yaani kwa kumchanganya.

— Nisikilizeni mimi, alisema Menyu. Huyu alihudumu mezani katika hoteli kubwa mpaka miguu ikagoma, kwa hiyo Kiingereza pale benchini kilikuwa mali yake. — Mzungu haanzi na tendo. Anatanguliza moyo, tendo linafuata nyuma. Happy to see you. Furaha kwanza, kukuona baadaye. Glad to meet you. Sorry to disturb you. Ukishaupata moyo, sentensi imekwisha, unabandika tu.

— Na asiyekuwa na moyo? aliuliza Kufuli.

— Anaazima.

— Hapo umesema, alidakia Refa. Huyu aliwahi kupuliza filimbi kwenye mechi za mitaani, na mpaka leo anazungumza kama mtu anayetoa kadi. — Mimi kule ghalani waliponifukuza kazi, bosi aliniambia sorry to inform you, nasikitika kukuarifu. Sorry yenyewe alikuwa anaisema huku anatafuna.

Mama Pasi, dobi wa nyumba ya pili na mwenye chupa ya kahawa, alimimina kidogo katika kikombe cha Kufuli. Mwenyewe hakuwa amekinywa hata cha kwanza.

— Hebu nielezeni na hili, alisema. — Kuna shati la mteja wangu, kwenye lebo limeandikwa easy to iron. Nikaambiwa maana yake ni rahisi kupiga pasi. Nimelipiga asubuhi yote, mgongo unaniuma mpaka sasa. Nani kauona huo urahisi?

— Shati, alisema Menyu. — Rahisi hapo ni shati.

— Shati linapiga pasi?

— Linapigwa.

— Hiyo ndiyo hatari yake! Refa alisimama, maana hakuweza kutoa uamuzi akiwa amekaa. — Ukisema happy to, mwenye furaha ndiye anayetenda. Ukisema easy to, mwenye urahisi hafanyi kitu, anafanyiwa. Timu mbili, jezi moja! Utajuaje nani anashambulia? Kufuli, kuwa mwangalifu, utamfunga mtoto goli bila kukusudia.

— Acha kumtisha, alisema Mama Pasi.

— Simtishi. Mimi naamini Wazungu walikitengeneza Kiingereza hivyo makusudi ili lawama ikose mwenyewe. Mlango ukikwama wanasema hard to open. Mlango ndio mkorofi, aliyepoteza ufunguo hatajwi. Ndivyo wanavyoshinda kesi zote hao.

— Mimi sijawahi kuona mlango mgumu, alisema Kufuli taratibu. — Nimeona watu waliopoteza funguo.

Kufuli hakuwa mtu wa kusema mafumbo, na hata hilo hakulisema kama fumbo. Alikuwa akitazama simu yake juu ya mashine ya kuchongea, imelala kati ya funguo zisizo na meno.

— Nimefanyia mazoezi moja, alisema. — Sorry to hear about your mother. Nasikitika kusikia habari za mama yako.

Mama Pasi aliweka chupa chini kwa kishindo.

— Umesikia wapi? Redioni? Yule ni mwanao wa kumzaa! Hiyo ni pole ya jirani anayepita njia.

— Basi happy to hear your voice, nafurahi kusikia sauti yako.

— Happy? Udongo haujakauka, wewe uko happy?

— Menyu ndiye kaniambia.

Menyu alijikuna kidevu. Alionekana kama mtu aliyekamatwa na mzigo usio wake.

— Sisi tulifundishwa hiyo tu, alisema. — Happy to help, nafurahi kukusaidia. Mgeni akitaka maji, happy to help. Akikutukana, happy to help. Siku niliyopewa habari za kifo cha mama yangu zamu ilikuwa haijaisha. Nimesema happy to help mpaka jioni. Kila meza. Ukilitumia sana lile neno, Kufuli, unafika mahali hujui tena kama una moyo au una trei.

Hakuna aliyecheka. Refa aliketi, akajaribu kuokoa hali.

— Proud to be your grandfather, je? Najivunia kuwa babu yako.

— Hiyo ya mahafali, alisema Menyu.

— Ready to listen. Niko tayari kusikiliza.

— Atasikiliza nini na haelewi?

— Basi afraid to lose you, alisema Refa, na mara hii hakusimama. — Naogopa kukupoteza.

Kufuli aliinua uso. Hiyo ndiyo ilikuwa kweli yenyewe, na ilimchoma.

— Humwambii mtoto hivyo, alisema. — Yeye ndiye kapoteza.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi mama mmoja aliyekuja kuchongesha ufunguo wa pili wa nyumba yake. Ufunguo ulishakuwa tayari kitambo, lakini fundi alisahau kumpa na yeye hakudai. Alikuwa ameuegemeza mkoba magotini, anasikiliza.

— Samahani, baba, alisema. — Mama yake alipokuwa anatafsiri, alikuwa anamwambia umesema nini?

— Nilichosema.

— Ulikuwa unasema nini?

Kufuli alijiuliza. Alikuwa akisema nini? Umekula? Umekua? Vaa sweta. Halafu basi, yanafuata malalamiko ya mgongo, ya umeme kukatika, ya wateja wanaotaka kazi yao jana. Alikumbuka jinsi sauti ya binti yake ilivyokuwa ikiingia baada yake, nyepesi, ndefu, ikipanda na kushuka.

— Mimi nilikuwa nasema maneno mawili, alisema, — yeye anaongea mpaka namuuliza kama bado ni yangu. Mtoto anacheka. Kuna siku alicheka mpaka simu ikamponyoka. Na mimi nilikuwa nimemwambia umeme umekatika.

— Sasa huyo babu aliyekuwa anamchekesha, aliuliza yule mama, — ni babu gani?

Mama Pasi aliinua chupa amwongeze mtu kahawa, akaitikisa, haikutoa kitu. Mtu pekee aliyemjua babu huyo alikuwa amelala katika ardhi ambayo Kufuli hataikanyaga, na ndipo pale, mbele ya watu, machozi yalipomtoka kwa mara ya kwanza tangu habari ifike.

Simu ikalia.

Kufuli alifuta uso kwa mkono, akafuta mkono kwa suruali, akaipokea kwa spika. Refa alimfanyia ishara mwenye pikipiki aliyesimama barabarani azime injini. Upande wa pili kulikuwa na pumzi ndogo tu, kwa muda.

— Babu? alisema mtoto.

Happy to, sorry to, proud to, zote zilimjia kwa pamoja, zikakwama mlangoni.

— Umekula? aliuliza.

Kisha, kwa mazoea ya miaka yote, alinyamaza ampishe binti yake atafsiri.

Na kule mbali mtoto naye alinyamaza, akisubiri sauti ileile. Benchi zima liliwasikia wakisubiri. Hakuna aliyekata simu.