Ugonjwa wa Kungoja Simu

Hebu niambie, wewe unayejifanya mzima: moyo ukikimbia na mwenyewe umekaa kitako, huo moyo huwa unaenda wapi? Swali hilo Kipkirui alilitupa katikati ya kijiwe asubuhi ya Jumatano, na kama angejua litazaa nini, angelimeza pamoja na kahawa yake. Kijiwe chenyewe kiko Kihoto, Naivasha, upande ambao ziwa linalopanda bado halijafika: ubao mrefu juu ya matofali, ukuta wa mabati nyuma, na mbele jiko la makaa la Darweshi, muuza kahawa tungu, ambaye babu yake aliletwa huku na reli kutoka Pwani, na mpaka leo mjukuu anaongea kana kwamba treni itarudi kumchukua. Ubao una wenyewe. Kuna Muturi, dalali wa mashamba, jina la kijiweni Ploti. Kuna Sitati, fundi wa pikipiki, anaitwa Spana. Na kuna Kipkirui, digrii ya kilimo cha maua na mboga, second class upper, kazi hana, waliyembatiza Powerpoint kwa sababu hawezi kubishana bila kusema "point ya kwanza". Siku hiyo alikuwa ameshika simu kama mtu aliyeshika yai. Shamba moja la maua lilikuwa limemwandikia kwamba wiki hiyo watampigia, interview ya simu. Na babake kule Elburgon alikuwa ameshatoa hukumu: ikipita hii, urudi nyumbani ubebe mbao.

— Moyo hauendi mahali, Spana alijibu bila kuinua macho kutoka kwa carburetor aliyoipakata. Hiyo ni gesi. Tumbo inasukuma juu, moyo inakosa parking.

— Si gesi, Spana.

— Umekunywa maji moto na tangawizi?

— Nimekunywa mpaka nikawa chai. Zahanati nayo nilienda, wakanipima, wakanipata na typhoid. Nyinyi mnajua mtu Kenya hii ashawahi kupimwa akakosa typhoid?

— Mimi nilipatikana nayo nikiwa nimesindikiza mgonjwa, Ploti alikubali.

Kipkirui alivuta pumzi. Kuna jambo hakuwa amewaambia, na kijiweni jambo ukilitoa halirudi, linakuwa mali ya umma. Lakini simu ilikuwa inaweza kulia wakati wowote na aliogopa zaidi walione kwa macho.

— Point ya kwanza, alisema. Mwaka jana kampuni nyingine ilinipigia. Sikupokea. Si ati sikusikia. Niliiangalia ikilia, vidole vimekufa ganzi, kifua kinasaga kama posho mill, mpaka ikanyamaza yenyewe. Kazi ikaenda kwa mtu mwingine. Nikauliza msichana mmoja tulisoma naye, sasa ni counsellor. Akaniambia hiyo kitu ni anxiety.

— Eti nini? Ploti aliweka kikombe chini.

— Wasiwasi, Darweshi akafasiri. Wasiwasi uliokomaa.

— Wasiwasi ni ugonjwa tangu lini? Hata kuku ako na wasiwasi!

— Kuku ana sababu, bwana Muturi. Wewe kila Krismasi unamtembelea na kisu.

Spana alicheka mpaka akaangusha skrubu. Ploti hakucheka. Yeye ni wa kizazi kile kinachoamini kwamba kitu ambacho hakikumuua babu hakina ruhusa ya kumsumbua mjukuu.

— Wacha niwaambie, vijana. Haya magonjwa yamekuja na smartphone. Guka yangu, babu mzaa baba, aliishi msituni akipigania uhuru, chui hapa, njaa pale, na hakuwa na anxiety hata ya dawa.

— Guka yako, Kipkirui akamkata, si ndiye ulituambia alilala na panga chini ya mto mpaka siku ya kufa? Na uhuru ulikuwa umeshapatikana?

— Hiyo ilikuwa security.

— Na wewe je, mzee? Kila asubuhi kabla ya chai unaenda kudunga fimbo kwa ile ploti yako uone maji yamepanda kiasi gani. Maji hayo yamekaa pale miaka. Kuna kiboko analala mahali sitting room ingekuwa.

— Hiyo ni survey! Ploti alipandisha sauti. Na huyo kiboko siku moja atalipa rent! Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nitayazoa!

— Methali hiyo umeishika mkia, Darweshi alisema taratibu, huku akisuuza kikombe.

Kipkirui akamgeukia.

— Na wewe Darweshi, hicho kikombe unasuuza cha nini? Hakuna mtu amekinywea. Umekisuuza tangu nifike hapa.

Darweshi alikitazama kikombe kama mtu aliyefumaniwa nacho.

— Usafi, mwanangu. Usafi ni sehemu ya imani.

— Sehemu, ndio. Wewe unataka yote.

Sasa zamu ilikuwa ya Spana, na Spana alijua. Akainamia carburetor yake zaidi. Mwenye pikipiki alikuwa amekuja jana, akaiwasha, akasema iko sawa, akalipa. Ameambiwa aje leo kwa sababu fundi "ana kitu anataka kuhakikisha". Kipkirui alifungua mdomo kumpiga kijembe, lakini Spana akamtangulia.

— Nikikaa bure mikono inaniletea mawazo, alisema. Ndio hiyo. Nikifungua kitu nikifunga, yananyamaza.

Ukweli kijiweni hauruhusiwi kukaa sana, haulipi kahawa, kwa hivyo Ploti aliufukuza.

— Mgonjwa wa pili huyo! Powerpoint, umeambukiza fundi!

— Si kuambukiza, Spana alijitetea, na sasa alikuwa amepata moto. Mimi nimefikiria hii mambo. Ni steam. Kule juu wanachimba steam kwa ardhi ya kutengeneza stima, si ndio? Mashimo kama hayo. Sasa ardhi yenyewe imeachiliwa pumzi, inatetemeka chini kwa chini. Wewe umekaa, miguu iko kwa ardhi, tetemeko inapanda, inafika kwa kifua. Ndio maana mzungu ana-cope, yeye anavaa kiatu ina sole nene.

— Spana, nyuma yako ukuta hautetemeki, Kipkirui alisema.

— Ukuta hauna mawazo.

— Fundi umekaribia, Darweshi alidakia, lakini si mvuke. Ni ziwa. Angalieni: maji yamepanda, watu wamehama, sivyo? Je, na majini waliokuwa wakikaa ufukweni? Nao wamehama! Wanatafuta pa kupanga. Wakipita, wakaona kijana, hana mke, hana kazi, kifua kitupu, wanaingia.

— Kifua kiko vacant, Ploti alisema polepole, na macho ya udalali yakang'aa. Darweshi, hao majini wanalipa deposit?

— Mzee Ploti!

— Nauliza tu. Biashara ni biashara. Lakini nyote mmekosa. Shida ni maua. Ndio, maua! Kila siku lori kwa lori zinatoka hapa na roses, zinaenda kwa ndege, kule Ulaya watu wanapeana, I love you, I love you. Hiyo love inalimwa wapi? Si hapa kwetu? Tuna-export mapenzi yote, raw material imeisha, tunabaki na makapi. Makapi ya mapenzi ndio anxiety.

Kipkirui alicheka. Hakutaka kucheka, kicheko kilimtoroka, na kwa muda ule mfupi kifua kikasahau kusaga. Kisha skrini ikawaka mkononi. Alishtuka hadi kahawa ikamrukia kwa goti. Ilikuwa ni kampuni ya simu ikimwambia bundles zake zinakaribia kuisha.

— Ona rangi yake, Spana alisema, na hakuwa anatania tena. Huyu jamaa amekuwa jivu. Powerpoint, weka kichwa katikati ya magoti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Methali hiyo nayo haihusiki, Darweshi alinung'unika, lakini alikuwa ameshaleta maji.

— Nahesabu pumzi, Kipkirui alisema akiwa ameinama, sauti inatoka kwa magoti. Ndani, shikilia, nje. Yule msichana alinionyesha. Inasaidia. Haimalizi, lakini inasaidia.

Na ajabu ni kwamba wazee wawili na fundi walianza kuvuta pumzi naye bila kuambiwa, Ploti akivuta kwa nguvu kuliko wote, yeye asiyeamini.

Hapo ndipo mama mmoja alipotokea na gunia la viazi mgongoni, gumboots zina matope mekundu, akalishusha kando ya ubao. Jina lake, alisema, ni Linah, ametoka Elburgon na lori ya alfajiri, anangoja binti yake atoke shift ya maua. Aliomba kahawa, akaionja, akakunja uso wote.

— Hii haina maziwa?

— Ni tungu, mama, Darweshi alisema. Ndivyo inavyonyweka.

— Sasa mnakunywa dawa hivi asubuhi yote, nani mgonjwa?

Vidole vitatu vikamwonyesha Kipkirui.

— Anangoja simu, Spana alieleza. Ya kazi.

— Pole, kijana. Watapiga saa ngapi?

Kipkirui aliinua kichwa.

— Hawakusema saa.

— Basi siku.

— Walisema this week.

— Eh! Na choo unaenda namna gani?

— Naenda nayo.

— Kuoga?

— Naiweka kwa dirisha.

— Usiku?

— Iko hapa, aligusa shingo, chini ya sikio. Walisema business hours, lakini kuna mtu alipigiwa saa moja jioni.

Linah aliwaangalia mmoja mmoja, si kwa ubishi, ni vile tu hakuwa ameelewa.

— Mimi dereva wa lori ya viazi akichelewa, ananipigia: niko Njoro, niko Nakuru, niko hapa. Na hiyo ni viazi. Hao watu wa ofisi, hawana saa kwa ukuta?

Steam, majini, maua, yote yalikuwa pale kwenye ubao na hakuna hata moja lililojua kwa nini mtu aliye na kalenda mezani hawezi kuandika Alhamisi saa nne.

Na simu ikalia.

Namba mpya, code ya Naivasha. Ploti aliruka kusimama.

— Inalia! Usiguse! Hapana, gusa! Kohoa kwanza!

— Muturi, wacha kelele, utamvuruga! Darweshi alisema, na kikombe kikamponyoka kikavunjika.

Kipkirui alikuwa anaiangalia. Vidole vilikuwa vimeshakwenda, kama mara ile. Aliviona palepale mkononi, vyake, lakini hakuna aliyekuwa anavipa amri. Inalia. Kule Elburgon kuna mbao zinamngoja. Inalia. Na alijua huu si uvivu wala uoga wa kizazi, alijua kama unavyojua jino linalouma ni lipi.

— Spana, alisema kwa shida. Bonyeza.

Spana alibonyeza. Kidole kilikuwa na grisi, skrini ikamkataa. Akakipangusa kwa suruali, akatelezesha tena, ikakubali, akaweka loudspeaker, akaishika mbele ya mdomo wa Kipkirui kama mtu anayemlisha mtoto uji.

— Hello, am I speaking to Kipkirui?

— Ye... yes. Ndio. Speaking.

— Hi, nakupigia kutoka HR. Just to let you know, ile interview imesukumwa mbele kidogo. We'll get back to you. Just keep your phone on, sawa?

Ploti alikuwa ameshika kifua chake kwa mikono miwili. Linah alikuwa ameacha kahawa. Kipkirui alivuta pumzi ndani, akashikilia, akaachilia nje, na kifua hakikupunguza hata kidogo. Akaamua kuongea nacho hivyo hivyo.

— Madam, usikate. Tafadhali. Unasikia sauti yangu inatetemeka? Itetemeke tu, mimi siongei na wewe nikiwa mzima, nina ugonjwa na una jina, na siku nikipata pesa nitautibu. Huo ni wangu. Lakini hii ya keep your phone on ni yenu. Sijaweka hii simu chini tangu mniandikie. Naoga nayo. Nalala nayo kama mgonjwa na dripu. Na si mimi peke yangu, uliza mtaa mzima. Sikuombi unipe kazi kwa huruma, nitajibu maswali yote, maua nayajua. Nataka kitu kidogo, kwako na kwa bosi wako na kwa kila ofisi inayoandika we will get back to you. Tupeni siku. Tupeni saa. Ikibadilika, tuambieni imebadilika ikawa lini. Na kama jibu ni hapana, mseme hapana, tulie siku moja tumalize, tuamke tutafute kwingine. Kwa hivyo angalia hiyo kalenda yako, madam, mimi niko kwa laini, siendi mahali. Ni siku gani, na ni saa ngapi?