Sura ya Shangazi Dirishani

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha viatu, na ng'ambo ya barabara kuna duka la mikoba ambayo bei yake haiandikwi. Kwenye dirisha lake wamezoea kubandika picha ya mwanamke, ndefu kuliko mlango wangu. Mwanamke huyo ni Shangazi, anayetuuzia kahawa. Usiniambie anafanana naye. Mimi sisemi mambo nusunusu. Mwaka jana walimwita studio, wakamkalisha kwenye kiti, wakampiga picha pande zote mpaka nyuma ya masikio, wakampa chake, akarudi kwenye jiko lake. Hawajamwita tena. Lakini kila picha mpya ikibandikwa ni yeye: yuko kwenye theluji, yuko juu ya farasi. Shangazi mwenyewe hajapanda hata punda. Asubuhi hiyo dirisha lilikuwa limefunikwa kwa karatasi ya kaki. Walikuwa wanabandika mpya, na yeye alikuwa anamimina kahawa bila kuondoa macho kwenye karatasi ile.

Chaji, fundi simu: Shangazi, tulia. Hiyo ni kompyuta tu. Wameilisha sura yako, sasa inapika picha yenyewe. Hakuna farasi, hakuna theluji.

Wembe, kinyozi: Na kipara? Walimbandika na kipara wakati ana nywele mpaka mabegani. Wiki ya pili kichwa kikatoka vidonda, nikamnyoa. Kwa mkono wangu huu!

Chaji: Imetokea tu.

Wembe: Na glavu? Picha iliyofuata alivaa glavu moja. Mkono gani?

Shangazi: Wa kushoto. Na jiko likaniunguza wa kushoto. Mnabishana nini na mkono wenyewe uko mbele yenu?

Tukautazama. Bandeji ilikuwa bado mbichi.

Mimi: Si ulikwenda kuwauliza?

Shangazi: Nilikwenda. Wakaniambia, mama, huyo si wewe. Huyo hayupo duniani, ametengenezwa. Nikawauliza, kama hayupo, kidoti changu cha shingoni kakipata wapi? Wakacheka kwa adabu.

Mimi: Kwa adabu! Hapo ndipo ningewasha moto. Nenda sasa hivi, kabla hawajafunua. Usiombe. Waambie usoni: ondoeni sura yangu.

Shangazi: Na birika nimwachie nani?

Mimi: Kwani sisi wezi?

Shangazi ana kikombe chake kimoja, kimemeguka ukingo. Kahawa ikiisha, hasemi neno. Anakifudikiza kwenye sinia, nasi tunajua ni wakati wa kutawanyika. Safari hii alikiacha wima, kimejaa nusu.

Shangazi: Msikiguse. Narudi kukimalizia.

Alivuka barabara, akijifunga khanga kiunoni kama mtu anayekwenda kuamua ugomvi. Mlinzi akamfungulia mlango wa kioo. Ukajifunga.

Wembe: Mimi nawaambieni, mashine hiyo haimfuati yeye. Yeye ndiye anayeifuata.

Chaji: Nenda zako.

Wembe: Kila picha inachukua kitu. Imechukua nywele, imechukua ngozi. Ndiyo maana nywele za wateja wangu nazichoma.

Chaji: Unazichoma kwa sababu gari la taka limekukimbia.

Mimi: Acheni upuuzi, watu wazima nyinyi!

Chaji hakucheka. Alikizungusha kikombe chake mkononi.

Chaji: Kaka, kuna kitu sikutaka kukisema mbele yake. Jana kaniletea simu yake. Ile inayofunguka kwa kutazama uso. Imemkataa.

Mimi: Kamera imechafuka.

Chaji: Nimeifuta. Nimempeleka kwenye mwanga. Imemkataa. Basi nikavuka nayo mpaka pale dirishani, nikaielekeza kwenye picha, nifanye utani tu.

Wembe: Halafu?

Chaji: Ikafunguka.

Nilitaka kumfokea, kwa sababu mimi mambo ya kutishana siyapendi. Sikuwahi. Ng'ambo, mikono miwili ilikuwa inachana karatasi ya kaki kwa ndani, taratibu, kuanzia juu.

Kwanza ukaonekana ukuta mweupe. Halafu kiti, kilekile cha studio. Juu ya kiti mkoba mwekundu. Tulingoja mtu. Karatasi ikafika chini, mtu hakuna. Chini ya kiti, pembeni kabisa, kulikuwa na kikombe kimefudikizwa, ukingo umemeguka.

Wembe: Kikombe hicho wamekionea wapi?

Tulitazama sinia. Kikombe cha Shangazi kilikuwa wima, kahawa imefanya utando juu. Nikanyanyua birika. Jepesi.

Mlango wa kioo ukafunguka. Nikasimama. Alikuwa mlinzi, mgeni, ndiyo kwanza siku yake ya kwanza, anavuka huku anatafuta sarafu mfukoni.

Mlinzi: Shikamooni wazee. Nimesikia harufu tangu asubuhi. Kahawa hii anauza nani?

Mimi: Shangazi! Umemfungulia mlango sasa hivi! Yuko wapi?

Mlinzi: Nimefungulia watu wengi, mzee wangu. Humo ndani sasa hivi wamebaki mafundi wa picha tu. Huyo mama yukoje?

Swali jepesi. Mwaka mzima tukiulizwa hivyo tulikuwa tunafanya kitu kimoja, na Wembe akakifanya: akanyoosha kidole kuelekea dirishani, aseme, si yule pale.

Kidole kikabaki hewani, kinaonyesha kiti.

Nikamtazama Chaji. Chaji akanitazama mimi, mimi ninayejua kusema. Nilianza na macho yake. Nikaacha. Nikaanza na pua. Miaka yote kanimiminia kahawa asubuhi, ana kwa ana, na kilichonijia kichwani ni mwanamke mrefu kuliko mlango wangu, juu ya farasi.

Mlinzi: Wazee? Yukoje?