Nyaya za Kahambu

Kisenyi, Kampala, nyuma ya maduka ya vipuri, kiti cha nyuma cha basi bovu kimegeuzwa benchi, na wanaokikalia wamefufua magari ambayo wenye nayo walishayalilia. Aliyesifika kuliko wote ni Augustin wa Butembo, Kongo, fundi umeme wa magari waliyembandika jina Waya: hafungui boneti kabla ya kumsikiliza dereva. Asubuhi ile kahawa ya Kaltumi, mchuuzi wao, ilimpoa mkononi. Mkewe, Kahambu, hedhi ilikuwa imekatika, na mtoto wanayemngoja haji. Daktari wa hospitali, akawaeleza wenzake, kasema ovari ni nzima, ila hupokea amri kutoka kwenye ubongo, na huenda kuna kitu kinaizuia amri.

Obura, Mkenya aliyeendesha ambulensi wiki mbili na tangu hapo akaitwa Daktari, alifafanua kwamba neva ni nyaya tu, zinashuka na uti wa mgongo mpaka kwenye ovari. Mojawapo imechubuka.

— Hapana, hiyo ni fyuzi, — akasema fundi mwenzao, Abudu Betri. — Fyuzi inajikata yenyewe, gari lisiungue.

Obura akahamia kwenye chaji: Kahambu alazwe siku tatu kama betri, kichwa kaskazini. Abudu akataka avue pete na heleni, chuma kisinyonye umeme. Kufika kikombe cha pili walikuwa wamemvua Kahambu, kwa maneno, hata pini za nywele, wakibishana kama atembee peku.

Augustin aliwasikia kwa mbali. Lile la fyuzi lilimkaa kichwani. Ni nini kilichotaka kuungua?

Hapo akafika Anena, mama mwenye pikapu ya kubebea ndizi za matoke, gari likikohoa. Akaketi, akasikiliza hadi mwisho.

— Waya, mara ya kwanza nilipokuletea hili gari uliniuliza nini?

— Lilianza kusumbua lini, nyabo. Na lilipita njia gani.

— Na mkeo, alikujibu vipi?

Obura akachungulia kikombe chake. Abudu akakohoa.

Augustin alitangulia kuja Kampala. Kahambu alimfuata mwaka jana, vita vilipofika kwao. Alifika Kisugu, alikopanga mumewe, amevaa viatu vya mtu mwingine. Augustin alimnunulia vipya siku ileile, akafurahi, na njia aliyopita hakuiuliza.

Akafuta mikono kwa kitambaa chenye petroli, akafunga sanduku la vifaa, akashika barabara ya Kisugu. Anena hakumwita, ingawa boneti ya pikapu ilikuwa haijafunguliwa.