Kwaya Iliyoendelea Kuimba

Ukipita mtaa wa Chemchem Jumapili alasiri, jua likianza kupunguza hasira, utawakuta wapo. Hawakosi. Benchi lao ni taruma, gogo la kulazia reli, lililostaafu kabla yao wenyewe, limelazwa juu ya matofali mbele ya duka la nguo la Humaidi, na kwa kuwa hapo hukaa Waislamu, Wakatoliki na Wamoraviani, na hakuna jambo lililowahi kuamuliwa, wanaliita Umoja wa Mataifa. Humaidi mwenye duka ni Waziri wa Mambo ya Nje, maana redio yake hailali. Vedasto, Mkatoliki mwenye tumbo la heshima, hubariki kila kitu hadi kashata, kwa hiyo ni Askofu. Nurdini anauza kahawa, naye hana cheo kwa sababu ndiye pekee anayefanya kazi. Na Emilian, mzee wa kanisa la Moraviani, anaitwa Marekani tangu binti yake Advera aende huko kusomea uuguzi akapata kazi akabaki. Jina hilo alilipenda mno. Jumapili hii lilikuwa linamwelemea.

Hakuwa amelala. Alikuja kijiweni na jambo ambalo nusu yake ilisemeka, na nusu nyingine alishaapa ataondoka nayo duniani.

— Marekani, mbona umenuna kama umelishwa shubiri? — Vedasto alimpokea. — Huko kwenu wamefanya nini tena?

— Kwetu wapi?

— Huko unakotutishia kila siku. Lami mpaka mlango wa choo.

Emilian akapokea kikombe kwa Nurdini, akapuliza, akaanza. Alisema kwenye kwaya ya Advera kuna mwenzao mmoja, mwimbaji wa sauti ya tatu, mgeni kutoka nchi za kusini huko, fundi wa kuezeka nyumba za watu. Ana mke na watoto. Jumatano iliyopita, mazoezi yakiendelea, alitoka nje kufuata miwani yake kwenye gari, na hapo hapo uwanjani pa kanisa wakamzunguka watu wa uhamiaji waliofunika nyuso, wakamtia pingu. Kisa, makaratasi ya kuishi nchini. Kwaya nzima iliona dirishani, vitabu vya nyimbo mkononi.

— Wakatoka kumsaidia, — Humaidi akamalizia, kama mtu anayeijua hadithi.

— Hawakutoka. Mwalimu wa kwaya alisema, "Tuendelee, ubeti wa pili."

— Wakaimba?

— Wakaimba.

Nurdini, aliyekuwa anasuuza vikombe, akaacha kusuuza.

— Na mchungaji je? — Vedasto akauliza.

— Mchungaji kasema kila mamlaka imetoka kwa Mungu. Na kwamba kanisa halichanganyi dini na siasa.

— Ngoja kwanza. Mchungaji yupi? Huyu aliyempandisha mgombea madhabahuni, akamwekea mikono kichwani, watu wakapiga makofi? Si wewe mwenyewe ulituzungushia ile video hapa, ukasema, "Oneni wenzetu wanavyoliheshimu kanisa"?

— Ndiye huyo, — Emilian akasema, akitazama ndani ya kikombe. Aliikumbuka siku ile. Aliizungusha video mpaka kwa wapita njia.

— Na mbunge wao? Mgombea mwenyewe si alishinda?

— Alishinda. Wanakwaya wawili walipiga simu ofisini kwake. Wakajibiwa kwamba mheshimiwa anaiombea familia.

Vedasto akapiga paja kwa kofi lililomshtua kuku wa jirani.

— Jamani, mmesikia? Mchungaji anasoma sheria, mbunge anaongoza sala! Wamebadilishana majoho! Ndiyo maana wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini.

— Hiyo inaingiaje hapo? — Nurdini akauliza.

— Methali haiulizwi inaingiaje. Inaingia.

Wakacheka. Emilian naye akacheka, akasikia kicheko chake kimetoka chembamba.

— Mimi nawaambia siri, — Humaidi akasema akivuta kanzu yake vizuri, dalili kwamba uongo unakuja na umevaa. — Wale wana mtambo. Likitokea lolote, mafuriko, watu kupigwa risasi shuleni, karani anabonyeza kitufe, inatoka karatasi: "Tunawaombea." Na wachungaji nao wana mtambo wao, unatoa karatasi: "Tutii sheria." Sasa mitambo yote inatengenezwa kiwanda kimoja. Siku ya kusafirisha, maboksi yakachanganywa.

— Toka hapa!

— Haki ya Mungu! Watu ambao serikali yao hufungwa kama duka langu hili! Bunge likigombana juu ya bajeti, komeo linashushwa, wafanyakazi wanaambiwa rudini nyumbani. Mtashangaa mtambo?

— Ya kwetu haijawahi kufungwa, — Nurdini akasema, — hata pale unapotamani ipumzike kidogo.

— Wewe mimina kahawa, usitutafutie kesi.

Humaidi hakuwa amemaliza. Alisema babu wa babu yake alifika mjini hapa na misafara, mzigo wake mkubwa ukiwa marekani, ile nguo nyeupe isiyotiwa rangi iliyowavisha watu wa Unyanyembe yote. Dukani ilisimama yenyewe kama ubao. Mke wa mtu akiifua mara ya kwanza, wanga wote unatoka na maji, inabaki chachi unayoona mwezi ukipita upande wa pili.

— Na hao watu wako hivyo hivyo, — akasema. — Neno la Mungu wameliandika mpaka kwenye noti za pesa. Limesimama kama ubao. Imekuja Jumatano moja tu ya kufuliwa, wanga umekwisha.

Lilikuwa neno zuri, na kijiwe kililipa haki yake kwa kuitikia kwa vichwa. Kisha Vedasto akaona asishindwe.

— Ugonjwa wao mimi naujua. Hawana watani.

— Haya, Askofu amefungua misa.

— Sikilizeni bwana! Sisi Wanyamwezi tuna Wazaramo. Mkubwa akikosea, hata akiwa mfu, mtani anaingia kaburini analala, anasema, "Simwachii nafasi huyu mpaka mseme alivyokuwa mchoyo!" Na watu wanasema, na wanacheka, na mambo yanasafika. Kule mkubwa akikosea nani amwambie? Mchungaji anamwogopa, mpiga kura anampigia makofi. Vile vyama vyao viwili vingekuwa watani, wangeibiana kuku msibani, mchezo ungekwisha.

— Tuwapelekee! — Humaidi akadaka. — Behewa zima la Wazaramo! Wanapanda treni mpaka Dar, wanapanda ndege, wanafika mlangoni pa bunge lao, wanachimba kaburi, wanalala. Hawatoki mpaka yule mwimbaji arudi kwenye kwaya!

— Na viza atawapa nani? — Nurdini akauliza.

Hapo ndipo walipocheka mpaka Vedasto akajifuta machozi kwa pindo la shati.

— Lakini Advera mwenyewe anasemaje? — Vedasto akauliza alipopata pumzi. — Mtoto yule namjua, hana woga. Alinikemea hapa akiwa na miaka tisa, eti nimempiga punda.

Emilian alijua swali hilo litafika. Akasema Advera ameamua asimame leo ibadani wakati wa matangazo, alitaje jina la mtu yule mbele ya watu wote, aombe kanisa limfuate alikofungwa. Mwalimu wa kwaya amemkataza. Ndiyo maana jana usiku alimpigia baba yake, apate neno la mzazi.

— Ukamwambia nini?

— Nilimwambia... ni mtu mzima. Atumie akili yake.

Uongo huo ulimtoka laini, na ulaini wenyewe ukamtia aibu kuliko uongo. Maana alivyomwambia ni hivi: "Mwanangu, makaratasi yako na wewe bado yako mezani kwao. Yaache hayo. Jina la mtu huyo usilitaje, hata kwenye simu hii. Nyamaza, tumwombee. Wewe imba tu." Na Advera, ambaye tangu utotoni hajawahi kumjibu baba yake vibaya, akasema, "Sawa, baba." Emilian akaweka simu chini, akajisikia baba mwema kwa muda wa kuvua viatu. Kisha usingizi ukamkataa.

— Mimi ningemwambia, simama, mwanangu! — Vedasto akajipiga kifua. — Mtu anayemwambia mwenzake "nyamaza, tumwombee," huyo si mchungaji. Huyo ni kufuli. Kufuli lenye tai!

— Kufuli la Kichina, — Humaidi akaongeza. — Hata mlango lenyewe halina.

Wakacheka tena. Emilian akalicheka nao kufuli. Masikio yalikuwa yanawaka, akashukuru jua lipo la kusingiziwa.

Pembeni ya benchi alikuwa amekaa mgeni ambaye hakuna aliyemjali sana. Alishuka treni ya kutoka Bukene na gunia la mchele wa dada yake aliyeolewa Itetemia, akaomba kulitua hapo huku akisubiri shemeji amfuate. Alijitaja jina, Mahona, akasema shikamooni, wakasema marahaba, Nurdini akampa kahawa. Muda wote alisikiliza kichwa kimeinama, kama mtu anayesikiliza habari za msiba. Sasa akainua mkono kidogo.

— Samahani wazee wangu. Huyo mwimbaji anaitwa nani?

— Mwimbaji yupi?

— Huyo aliyechukuliwa.

Vedasto akamtazama Humaidi. Humaidi akamtazama Emilian.

— Ni mtu wa kusini huko, — Humaidi akasema. — Majina yao yanazungukazunguka.

— Ndiyo, ila lake ni lipi? — Mahona akasema bila ubishi wowote. — Nauliza kwa sababu nyumbani tukisali jioni, mwenye matatizo tunamtaja. Sasa nimekaa hapa nasikia habari zake, nikawa nawaza, leo nitamtajaje?

Walikuwa wamempeleka mtu yule mpaka kwenye mitambo na makaburi, wamemnywea kahawa vikombe viwili viwili, na hakuna aliyekuwa amemuuliza jina. Emilian alijaribu kulikumbuka. Advera alilisema jana, alilisema mara mbili, na mara zote mbili yeye alimkatiza. Kichwani hakukuwa na hata herufi ya kwanza.

— Marekani, mpigie basi binti, — Vedasto akasema. — Huko si ndiyo asubuhi?

Emilian hakuwa na njia. Kukataa kungehitaji sababu, na sababu alikuwa ameificha. Kisha kuna jambo jingine aliloanza kulitamani ghafla, kwa nguvu za kumtisha: amwambie asimame. Akapiga. Kidole chake, kwa mazoea ya miaka, kikabonyeza spika, maana siku zote Advera akipiga husikika na benchi zima, wapate kumsikia mtu wa Marekani akiongea.

— Baba! Shikamoo.

— Marahaba, mwanangu. Uko wapi?

— Kanisani. Ndo tunavaa majoho. Kuna tatizo nyumbani?

— Hapana, hapana. Nilikuwa nataka... yule mwenzenu wa sauti ya tatu. Anaitwa nani?

Nyuma ya Advera mtu alikuwa anajaribu kinanda.

— Baba, si ulinikataza nisilitaje? Hata kwenye simu, ulisema.

Emilian akakitafuta kile kitufe cha spika. Kidole kikaangukia pembeni, kikaangukia tena pembeni.

— Usiogope, baba, — Advera akaendelea, kwa sauti ya mtoto anayemtuliza mzazi. — Nimekusikia. Sitasimama. Mchungaji naye kaniambia maneno yale yale yako, tumwombee tu kimya kimya. Nikaona basi, kama hata baba kasema. Na kwenye mstari wala haonekani kwamba hayupo. Tumesogea kidogo, tukaziba.

— Advera, hebu nisikilize...

— Wananiita, baba. Wasalimie wazee wa kijiweni.

Simu ikakatika.

Emilian aliiweka gotini. Akakisukuma kikombe mbali. Akaisubiri adhabu yake. Kijiwe kile hakimsamehe mtu. Ukijikwaa, unachekwa mpaka wajukuu wako wanachekwa. Alimtaka Vedasto aseme kufuli. Alimtaka Humaidi aseme wanga. Angelipokea lolote, angelishukuru hata.

Vedasto alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Humaidi aliinuka, akaenda ndani ya duka kupanga vitambaa ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Nurdini akamwaga maji ya vikombe taratibu, asipige kelele. Mahona peke yake ndiye aliyemtazama usoni, naye hakumtazama kwa hukumu. Alikuwa bado anangoja jina.

— Ngoja, — Emilian akamwambia. — Ngoja kidogo.

Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena.

Huko walikuwa wameanza kuimba.