Watoto Walionijibia

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Na ninyi majirani mliokuja kusikiliza ngoma za watoto, salamu kwenu pia. Mimi ni Sospeter, fundi ngoma wa hapa Ujiji. Wengi mnanijua kwa mikono yangu. Leo naomba mnijue kwa masikio yangu, maana ndiyo yaliyokuwa kifungoni.

Nilizaliwa Mwandiga. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nagonga kila kitu, sufuria, ndoo, mlango, hata mgongo wa mbuzi, ndipo mama akaniita Kagoma, yaani kangoma kadogo kwa Kiha chetu. Jina hilo lilikuwa lake peke yake. Baba hakulitumia, shuleni hawakulijua. Mama alipofariki nilidhani limezikwa naye.

Matanga hayajaanuliwa, mchana, nikiwa nimebeba ndoo ya maji, nikasikia nyuma ya migomba: "Kagoma." Ilikuwa sauti ya mama. Nikaitika, "Naam!"

Bibi alikuwa karibu akipepeta maharage. Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Umemwitika nani?"

"Mama."

Akauweka ungo chini. "Mjukuu wangu, usiyemwona haitikiwi. Sasa kimejua ulipo."

Hakusema "amejua." Alisema "kimejua," na mimi nililisikia neno hilo.

Ndugu zangu, tangu siku hiyo sikutulia. Niliacha shule nikiwa darasa la sita. Sauti iliita kutoka barabarani, nikaifuata hadi Kidahwe, nikafyatua matofali. Ikaita tena, nikaenda Ilagala, nikaanika dagaa. Nikavuka ziwa, nikarudi. Watu wakasema kijana huyu anawashwa miguu. Kumbe si miguu. Mimi ni mtu wa kutaka kujua. Nikiona saa mbovu lazima niifungue. Nilitaka kuuona uso wa anayeniita, na kila nilipofika palipotoka sauti, palikuwa patupu, nayo imeshasogea mbele kidogo. Niliombewa, nikafunga, nikapata nafuu, kisha ikaita. Na kila mara iliita kutoka karibu zaidi na maji.

Nilipofika Ujiji nilisikia ngoma za watoto ndani ya banda la zamani la kushonea nyavu. Nikachungulia. Mama Neema, ambaye kila Jumamosi huwafundisha watoto wa mtaa kuchora, kuigiza na kupiga ngoma, akasema bila kugeuka, "Kaka, ingia au ondoka. Unatuzibia mwanga."

Nikaingia. Akanipa ngoma iliyolegea niikaze ngozi. Nilipomaliza, binti mmoja aitwaye Zawadi, ambaye babu zake walivuka kutoka Kongo, akaipiga, akatega sikio.

"Anko, ngoma yako inakohoa."

"Ipe na dawa yake," mwenzake akadakia, banda zima likacheka. Nilirudi Jumamosi iliyofuata ili tu isikohoe.

Walikuwa na mchezo wa kufungulia somo. Mtoto mmoja anajificha nje ya banda na kuita jina la mwenzake. Anayeitwa anafunga mdomo, waliobaki wanapiga ngoma pigo moja na kumjibia kwa pamoja: "Yuko kwetu!" Akijiitikia mwenyewe, ametoka. Mama Neema alisema hivyo ndivyo watoto wanavyojifunza kusikilizana, hata wale wenye haya. Mimi niliposikia sheria ile, nilimkumbuka bibi na ungo wake.

"Anko, unaitwa nani tukuingize?"

"Sospeter."

"Hilo la shule," akasema Zawadi. "La nyumbani je?"

Sijui kwa nini nililitoa. "Kagoma."

Wakaangua kicheko. "Kumbe Anko ni mtoto wa ngoma!"

Jumamosi moja, jua likiwa la utosi, tulishuka ufukweni kunawa rangi mikononi. Ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta kwenye sahani. Hakukuwa na mtumbwi wala ndege. Ndipo ikaita, kutoka majini, mbele yangu kabisa: "Kagoma."

Haikuwahi kuwa karibu vile. Nikaingia na viatu vyangu. Maji yakafika magotini, kiunoni, kifuani. Sikuogopa, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo. Nilifikiri tu: nikisogea kidogo tena, nitamwona. Ile "naam" ilishafika kwenye ncha ya ulimi.

Nyuma yangu nikamsikia Zawadi. "Nani anaita huko? Haya, mjibuni!"

Hawakuwa na ngoma, wakapiga makofi pigo moja. "Yuko kwetu!"

Nikasimama. Ikaita tena, na safari hii haikuwa mama sawasawa. Ilikuwa kama mtu anayemuiga. Kofi likalia. "Yuko kwetu!" Ikajaribu mara ya tatu, ikaishia "Ka..." kama ngoma iliyolegea. Ilikohoa, ndugu zangu. Kisha kimya.

Mama Neema aliingia majini na nguo zake, akanivuta hadi mchangani. Akawauliza watoto, "Nani alikuwa anaita?"

Wakajihesabu. Hakuna aliyekuwa amejificha.

"Ilikuwa sauti ya nani?"

"Ya mama yangu," akasema Zawadi.

"Wewe nawe! Ilikuwa ya babu," akasema mwingine.

Hakuna wawili waliokubaliana. Mama Neema akawaambia wakusanye brashi, akaanza kusali taratibu, mkono wake umeshika shati langu lililolowa, asiliachie.

Bwana Yesu alinitoa majini kwa mchezo wa watoto. Tangu hapo sijaitwa. Nalala chumba cha nyuma ya banda, na kwa mara ya kwanza maishani nina ufunguo wa mlango. Watu huniuliza, kile kilikuwa nini? Mimi niliyefungua kila saa mbovu, hii nimeiacha imefungwa. Anayejua ni Bwana, na yanitosha.

Ndugu yangu unayeitwa na usichokiona, iwe ni chupa, ni barabara, ni huzuni, usikiitike peke yako. Mtumaini Bwana, kisha mwambie aliyeketi karibu nawe jina lako la nyumbani. Watoto wapo hapo nje na ngoma zao. Likiitwa, nyamaza. Sisi tutakujibia.